-Ji- ya Kiswahili na Se ya Kihispania: Ujifunzaji wa Vitenzi vya Kujirejea

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kihispania anayekitegemea Kiswahili katika kufasiri anapokumbana na sentensi Juan se mató en la carretera, mkono wake huandika upesi: "Juan alijiua barabarani." Kila kipashio huonekana kimekaa mahali pake. Mató ni wakati uliopita wa kitenzi matar, yaani kuua. Se ni kile kiambishi -ji-. En la carretera ni barabarani. Hata hivyo, tafsiri hiyo ina kosa zito. Msemaji wa Kihispania anaposema hivyo, kwa kawaida huwa anaarifu kwamba Juan alifariki katika ajali. Akitaka kusema bila utata kwamba mtu amejitoa uhai, atasema se suicidó au se quitó la vida. Mfasiri aliyeandika "alijiua" amemsingizia marehemu tendo ambalo hakulitenda. Katika jamii zetu nyingi tendo hilo hubadilisha hata namna mtu anavyozikwa na anavyokumbukwa. Katika sheria za Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Silabi moja yenye herufi mbili inaweza kubeba mzigo wa namna hiyo.

Makala haya yanachunguza jinsi mzungumzaji wa Kiswahili anavyoweza kujifunza vitenzi vya Kihispania vinavyoandamana na se, na hasa jinsi sarufi ya Kiswahili yenyewe inavyoweza kumfaa au kumpotosha. Lugha za kigeni katika vyuo vyetu hufundishwa mara nyingi kupitia Kiingereza. Mwanafunzi huelezwa kuwa se ni sawa na neno la Kiingereza lenye maana ya "mwenyewe", kisha huachwa apambane. Maelezo hayo hayatoshi hata kwa Mwingereza. Mswahili anayo mali nyingine ya kuazima: kiambishi -ji-, kauli ya kutendeka, kauli ya kutendana, na hata msemo kama "kwenda zake". Mali hii hailetwi darasani, na hapo ndipo hasara ilipo.

Pengine msomaji atauliza Kihispania kinatuhusu nini. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, ni nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi. Aidha, Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria Anzilishi ya Umoja wa Afrika iliziorodhesha Kiswahili na Kihispania katika kifungu kimoja cha lugha rasmi za Umoja huo. Wakalimani wa lugha hizi mbili watahitajika, na ni heri wasilazimike kupitia lugha ya tatu kila wanapotaka kusema kwamba mtu amenawa mikono.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Katika shule za Kenya neno "kirejeshi" limezoeleka kwa maana ya -o- rejeshi na amba-, kama katika "aliyekuja" na "ambaye". Hilo silo linalozungumziwa hapa. Makala haya yanatumia "kitenzi cha kujirejea" kwa maana ya kitenzi ambacho mtenda na mtendwa wake ni mmoja: "alijikata", "wanajisifu". Inafaa pia kukumbuka kwamba si kila ji ni ya kujirejea. Ji- ya "jitu" na "jibwa" ni ya ukubwa. -Ji ya "msomaji" ni ya mtendaji. Na ji ya "jitahidi" imetoka katika Kiarabu pamoja na kitenzi chenyewe, kwa hiyo mwanafunzi asihangaike kutafuta maana ya "tahidi".

Kihispania nacho kina tahadhari yake. Sarufi zake hutofautisha kitenzi cha kujirejea halisi na kile kinachoitwa verbo pronominal, yaani kitenzi chochote kinachotembea na kiwakilishi cha aina hii hata kama hakuna anayejitendea lolote. Quejarse (kulalamika), arrepentirse (kujuta) na atreverse (kuthubutu) ni vitenzi vya kundi hili la pili. Havina umbo lisilo na se. Mwanafunzi asitafute mantiki ndani yake. Avikariri tu jinsi anavyokariri ngeli ya nomino.

Viwakilishi sita dhidi ya kiambishi kimoja

Kiswahili hakibagui nafsi katika kujirejea. Ninajiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, mnajiosha, wanajiosha: kiambishi ni -ji- katika nafsi zote, na vivyo hivyo katika ngeli zote. Kihispania hubadilisha kiwakilishi kulingana na nafsi: me lavo, te lavas, se lava, nos lavamos, os laváis, se lavan. Kwa wazungumzaji wa Amerika ya Kusini na ya Kati os haitumiki katika mazungumzo ya kawaida. Wao husema ustedes se lavan kwa maana ya "ninyi mnajiosha".

Kutokana na tofauti hii huzuka kosa la kwanza la mwanafunzi Mswahili: *yo se lavo. Amechukua se, akaifanya -ji-, akaipachika kila mahali. Kosa hili hujificha hata kwa mwanafunzi aliyekwisha kukariri jedwali, kwa sababu hurudi kupitia kitenzi-jina. Kamusi humwonyesha lavarse, naye husema *voy a lavarse, kwa kuwa kwake "kujiosha" ni "kujiosha" tu, yeyote awaye mwenye kuoga. Sharti aseme voy a lavarme, "naenda kujiosha", akiubadilisha mkia wa kitenzi-jina ufuate nafsi ya kiima.

Msaada uko karibu naye kuliko anavyodhani. Kihispania hapa hakifanani na -ji- bali kinafanana na viambishi vya yambwa: -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-. Me lavo ni kama mtu anayesema *"ninaniosha", sentensi ambayo Kiswahili huikataa lakini ambayo kila Mswahili anaweza kuiunda kichwani bila shida. Anayejizoeza kwa wiki mbili kusema moyoni "ninaniosha, unakuosha, tunatuosha" huku ulimi ukitamka me lavo, te lavas, nos lavamos ataondokewa na *yo se lavo. Ni Kiswahili kibovu kwa makusudi, ngazi ya kupandia tu, na akishapanda aiondoe.

Mahali pa kiwakilishi

Katika sentensi arifu mpangilio wa lugha hizi mbili unakaribiana sana. Methali "Kinyozi hajinyoi" ikifasiriwa kwa Kihispania huwa El barbero no se afeita. Ukanushi hutangulia, kisha kiambishi cha kujirejea, kisha kitenzi. Tofauti ni kwamba Kiswahili huvifunga vyote katika neno moja ilhali Kihispania huviandika mbalimbali.

Mpangilio huvurugika katika amri. Kiswahili huiacha -ji- mbele ya mzizi daima: "jioshe", "usijioshe". Kihispania huipeleka nyuma katika amri ya kukubali, lávate, na kuirudisha mbele katika amri ya kukanusha, no te laves. Inapendeza kutambua kwamba lugha zote mbili hugeuza irabu a kuwa e hapa: osha huwa "jioshe", na lavas huwa laves. Hii ni sadfa, maana lugha hizi hazina udugu, lakini sadfa nzuri husaidia kumbukumbu.

Kuamka, kuketi, kulala

Eneo linalowatatiza wengi ni la shughuli za kila siku. Mwanafunzi anataka kusema kwamba huamka saa kumi na mbili asubuhi. "Kuamka" hakuna -ji-, kwa hiyo yeye husema *levanto a las seis. Mhispania akimsikia atasubiri sentensi iishe, kwa sababu levantar ni kuinua. Unainua nini? Mzigo? Bendera? Alipaswa kusema me levanto.

Ukivitazama vitenzi hivi kwa pamoja, utaratibu hujitokeza ambao vitabu vinavyopitia Kiingereza haviwezi kuuonyesha. Kiswahili kina jozi: inuka na inua, amka na amsha, keti na ketisha, lala na laza, vaa na visha, oga na ogesha. Kihispania kina jozi hizo hizo: levantarse na levantar, despertarse na despertar, sentarse na sentar, acostarse na acostar, vestirse na vestir, bañarse na bañar. Ila safari zao zinapishana. Kiswahili, katika jozi nyingi za aina hii, huanza na tendo lisilohitaji yambwa, "lala", kisha hupanda hadi usababishi kwa kuongeza kiambishi na kupata "laza". Kihispania huanza juu, kwa acostar ambayo maana yake ni "laza", kisha hushuka kwa kuongeza se na kupata "lala". Mwanafunzi anayekutana na kitenzi kipya cha aina hii na ajiulize: je, kwa Kiswahili hiki ni "lala" au ni "laza"? Ikiwa ni "laza", se haihitajiki. Ikiwa ni "lala", aitie.

Kitenzi casarse chahitaji maelezo zaidi. Casar ni kuozesha. Casarse ni kuingia katika ndoa. Kihispania husema Pedro se casó con Ana na pia Ana se casó con Pedro kwa umbo moja la kitenzi. Kiswahili sanifu cha mazoea kingesema Pedro alimwoa Ana, Ana aliolewa na Pedro, na wote wawili walioana. Swali ¿Te casaste? likiulizwa bila muktadha haliwezi kufasiriwa mpaka ijulikane anayeulizwa ni mwanamume au mwanamke. Wale wanaodai kwamba Kiswahili kiache "kuoa" na "kuolewa" na kubaki na "kuoana" watapata katika Kihispania mfano wa lugha iliyokwisha kufanya hivyo bila kuulizwa. Mfasiri, hata hivyo, hana mamlaka ya kurekebisha jamii katikati ya sentensi ya mtu mwingine.

Jambo jingine linalopaswa kugusiwa ni jina la mtu. Me llamo Amina haifasiriki kuwa "Najiita Amina". Kiswahili husema "Naitwa Amina", kwa kauli ya kutendwa, kwa sababu jina hupewa mtu na wengine. "Anajiita daktari" ni maneno ya mtu asiyeamini udaktari huo.

Mikono na miguu

Mwanafunzi aliyepitia Kiingereza husema *lavo mis manos, "naosha mikono yangu". Mhispania husema me lavo las manos, bila neno la kumiliki. Kiingereza kimempotosha, na kama angeanza na lugha yake asingekosea, kwa kuwa Mswahili husema "nanawa mikono", wala haongezi "yangu" isipokuwa kuna shaka ni mikono ya nani. Hali ni hiyo hiyo katika "amevunjika mguu", ambayo ni se rompió la pierna, na "aliniosha miguu", ambayo ni me lavó los pies. Lugha zote mbili humweka mwenye mwili ndani ya kitenzi na kukiacha kiungo kisimame chenyewe. Ulinganifu huu ni mkubwa mno kupuuzwa na mwalimu yeyote.

Kwenda zako

Zipo jozi za Kihispania ambazo se haionyeshi kujitendea bali hubadilisha maana ya kitenzi. Dormir ni kulala usingizi, dormirse ni kupitiwa na usingizi. Parecer ni kuonekana, parecerse ni kufanana. Acordar ni kukubaliana, acordarse ni kukumbuka. Mashuhuri kuliko zote ni ir na irse, kwenda na kuondoka.

Irse humtisha mwanafunzi. Mtu atajiendaje? Lakini Mswahili husema "naenda zangu", "unaenda zako", "anaenda zake", "twaenda zetu", "mnaenda zenu", "wanaenda zao". Kwa Kihispania: me voy, te vas, se va, nos vamos, os vais, se van. Kimilikishi cha Kiswahili hubadilika kulingana na nafsi sawasawa na kiwakilishi cha Kihispania, na maana ni ile ile ya mtu kushika njia yake. "Nenda zako!" ni ¡Vete!, kwa ukali ule ule. "Twende zetu" ni vámonos, ambapo s ya vamos huanguka ili nos ipate nafasi. Hata Wahispania wenyewe wametatizwa na kitenzi hiki: amri yake kwa "ninyi" katika sarufi ni idos, ilhali wengi wakisema iros, na mwaka 2017 Akademia ya Kifalme ya Kihispania ikaikubali iros pia.

Kiswahili kina pia "alijiendea", "alijikalia", "alijilalia", maumbo yenye -ji- pamoja na kauli ya kutendea, yenye ladha ya mtu asiyejali la mtu. Inavutia kuyalinganisha na se comió la paella ("aliila paella yote") au se bebió el café, lakini mfasiri ajihadhari. Se ya Kihispania hapa husisitiza kwamba chakula kilikwisha. "Alijinywea kahawa" ya Kiswahili husisitiza utulivu wa mnywaji, na kahawa yenyewe huenda ikabaki nusu kikombe.

Wanajipenda au wanapendana?

Katika wingi, se ya Kihispania hubeba kazi mbili ambazo Kiswahili hakikubali kuzichanganya. Se aman yaweza kuwa "wanajipenda" au "wanapendana". Kihispania kikitaka kuondoa utata huongeza a sí mismos kwa maana ya kwanza, au el uno al otro kwa maana ya pili. Mara nyingi hakiongezi chochote, na muktadha huachiwa kazi. Kiambishi -an- cha Kiswahili ni hazina hapa, na pia ni mzigo: mfasiri kutoka Kihispania hana ruhusa ya kubaki katikati. Akisoma kwamba viongozi wawili se felicitaron, lazima aamue kama walipongezana au kila mmoja alijipongeza. Kati ya habari hizo mbili pana umbali mkubwa.

Kinyozi na daktari

Imesemwa hapo juu kwamba kinyozi hajinyoi. Kwa Kihispania, mteja aliyetoka kwa kinyozi anaweza kusema me corté el pelo, ambayo neno kwa neno ni "nilijikata nywele", na hakuna atakayedhani kwamba alishika mkasi mwenyewe. Kiswahili hudai "nilinyolewa". Vivyo hivyo se operó de la rodilla humaanisha kwamba mtu alifanyiwa upasuaji wa goti. Atakayefasiri "alijipasua goti" atawashangaza wauguzi. Kiswahili kinaufahamu mtindo huu katika ujenzi, maana mzee husifiwa kwamba "amejenga" hata kama hakuinua tofali moja, lakini hakiuruhusu kwa wembe wala kisu cha daktari.

Mfano wa hospitali haukutolewa bure. Mwaka 2018 madaktari wapatao 100 kutoka Kuba walikuja kuhudumu katika kaunti za Kenya, nao madaktari wa Kenya wakapelekwa Kuba kusomea huko. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba mkataba huo hautaendelezwa. Tuchukue neno moja ambalo wodi yoyote hulihitaji: se quemó. Kiswahili kina "aliungua", "alijichoma" na "alichomwa". Se quemó yaweza kuwa la kwanza au la pili. La tatu ni lo quemaron. Kwa mhudumu wa afya, na pengine kwa polisi baadaye, hayo ni mambo matatu tofauti, nayo humhusu mgonjwa ambaye huenda hana nguvu ya kusahihisha tafsiri.

Se na kauli ya kutendeka

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Sehemu kubwa ya se za Kihispania haziendi na -ji- ya Kiswahili hata kidogo. Zinakwenda na -ik-/-ek-.

La taza se rompió. Kikombe kilivunjika.
La puerta se abrió. Mlango ulifunguka.
Se cortó la luz. Umeme ulikatika.

Abrir ni fungua na abrirse ni funguka. Romper ni vunja na romperse ni vunjika. Cortar ni kata na cortarse ni katika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba se ni "mwenyewe" hufasiri "kikombe kilijivunja", kana kwamba kikombe kina jini. Anayetoka upande wa Kiswahili hufanya kosa la kinyume: kwa kuwa "kilivunjika" hakina -ji-, husema *la taza rompió, na msikilizaji husubiri kuambiwa kikombe kilivunja nini. Laiti somo lingeanza hapa! Sentensi ya Juan aliyefariki barabarani ni ya kundi hili. Kihispania kinaweza kusema se mató kwa mtazamo ule ule wa se rompió: jambo lilimpata. Kiswahili hakina umbo la kutendeka la "ua" linalotumika, na pengo hilo ndilo linalomsukuma mfasiri hadi kwenye "alijiua". Njia salama ni kuliacha umbo na kuishika maana: alifariki, alipoteza maisha, aliuawa katika ajali.

Kutoka hapa se husogea hadi kwenye kauli ya kutendwa. Se venden casas ni "nyumba zinauzwa", na mwanafunzi Mswahili hafai kupata taabu na wingi wa venden, kwa kuwa zi- ya "zinauzwa" imemzoesha upatanisho huo. Ajihadhari tu na mtenda: "zinauzwa na Juma" ni Kiswahili safi, lakini muundo wa Kihispania wenye se kwa kawaida haumtaji muuzaji. Mama anayemkanya mtoto kwa eso no se hace anasema "hilo halifanywi". Se dice que ni "inasemekana kwamba", kitenzi kilichobeba -ek- na -an- kwa pamoja ili kumficha msemaji vizuri zaidi. Pale ambapo Kihispania husema aquí se come bien, Kiswahili huona aibu kumwacha mlaji nje, nacho humrudisha: "hapa watu hula vizuri".

Muundo unaosifiwa na walimu kuwa mgumu kuliko yote ni ule wa se me. Se me rompió la taza. Vitabu huuita wa bahati mbaya: jambo limetokea, mimi nimeathirika, wala sikukusudia. Mswahili ambaye gari lake limewahi kukwama njiani ameutumia muundo huu maisha yake yote bila kujua:

Se me descompuso el carro. Gari liliniharibikia.
Se me rompió la taza. Kikombe kimenivunjikia.
Se me perdió el libro. Kitabu kimenipotea.
Se me olvidó el nombre. Jina limenitoka.

Tukilichambua neno "liliniharibikia" tunapata li-li-ni-harib-ik-i-a. Kiambishi -ik- hufanya kazi ya se. -Ni- hufanya kazi ya me. Na -i- ya kutendea ndiyo inayoifungulia -ni- mlango. Vitenzi kama potea na toka humpokea aliyeathirika hata bila kiambishi hicho. Mtoto anayemwambia mama yake "kikombe kimenivunjikia" badala ya "nimekivunja" anafanya hesabu ile ile ya lawama anayoifanya mtoto wa Madrid anaposema se me rompió badala ya lo rompí. Wote wawili wanatumaini kusamehewa. La kuzingatia ni mpangilio: se hutangulia me daima, na anayesema *me se rompió huonekana hakupata kusoma.

Se isiyo yenyewe

Ipo se moja ambayo haina uhusiano wowote na yaliyotangulia. Le inapokutana na lo, la, los au las, hugeuka kuwa se: se lo compré, "nilimnunulia". Kihistoria umbo hili lilitokana na gelo ya Kihispania cha kale, lenye asili katika viwakilishi vya Kilatini vya "kwake yeye" na "kile", halafu sauti yake ikafanana na se ya kujirejea. Mwanafunzi atazame mwisho wa kitenzi. Compré ni nafsi ya kwanza, kwa hiyo se haiwezi kuwa mimi, na sentensi haiwezi kuwa "nilijinunulia", ambayo ni me lo compré. Lakini se lo compró huweza kuwa "alijinunulia" au "alimnunulia", na Kihispania hakitoi ishara.

Lipo jambo jingine katika me lo compré. Kiswahili kina nafasi moja tu ya yambwa ndani ya kitenzi, na -ji- ikishaikalia, kitabu hakipati pa kukaa: *"nilijikinunulia" haisemeki. Mwanafunzi kwa hiyo husahau lo na kusema me compré, sentensi ambayo Mhispania huiona haijakamilika.

Zoezi

Wasomaji wanaojifunza Kihispania wanaweza kujipima kwa sentensi zifuatazo, wakijiuliza katika kila moja kama -ji-, -ik-, -an- au kimilikishi ndicho kinachodai se, na kama se yenyewe inahitajika: Wazee wanajiheshimu. Wazee wanaheshimiana. Dirisha limenivunjikia. Mmejiandikisha? Usiende zako. Walioana mwaka jana. Mtoto aliungua mkono. Alijifungua salama. Hii ya mwisho huwanasa hata waliokwisha kuhitimu: Kihispania husema dio a luz, yaani "alitoa kwenye mwanga", na se haimo.